Maple Leafs wasisingizie kikomo cha mishahara, hesabu ndiyo iliyowashinda

KILA Toronto Maple Leafs wanapobanduliwa kwenye mwondoano, mashabiki wenzangu hapa Toronto huanza wimbo ule ule: ni kikomo cha mishahara kilichotufunga mikono. Eti NHL, ligi ya mpira wa magongo ya barafuni ya Amerika Kaskazini, ingetuacha tutumie pesa zetu tulivyotaka, Kombe la Stanley lingekuwa limerudi nyumbani zamani.

Nimeuchoka wimbo huo. Mei 18, 2025, tulipochapwa mabao 6-1 na Florida Panthers katika mechi ya saba, mechi ya kufa kupona, tena kwenye uwanja wetu wenyewe, kuna jamaa waliouanza hata kabla kelele za kuzomea hazijatulia. Florida walikuwa wakicheza chini ya kikomo kile kile. Mwezi mmoja baadaye walinyanyua kombe kwa mwaka wa pili mfululizo. Je, kikomo hicho hufunga mikono ya watu wa Toronto pekee?

Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua Arsenal na Manchester United kuliko timu yoyote ya barafuni, na siwalaumu. Kwetu mchezo huu ni mgeni. Timu ya Ice Lions ilizaliwa kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, na mwaka 2018 vijana wake waliletwa hapa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao katika mchezo huu ni majina makubwa kama Messi na Ronaldo. Mlishikeni hilo jina la pili, MacKinnon, nitalirudia.

Tofauti moja na soka inahitaji kuelezwa mapema. Katika soka ya Uingereza, tajiri akinunua klabu anaweza kumwaga pesa akapata timu mpya kwa misimu miwili, kama tulivyoona Chelsea kuanzia mwaka 2003. NHL haiendi hivyo. Kila timu, iwe ya jiji kubwa au la mji mdogo, hupewa kiwango kimoja cha juu cha mishahara ya wachezaji wake kwa msimu, na ole wake atakayekipita. Ukimlipa mmoja zaidi, lazima mwingine alipwe kidogo au aondoke. Ni kama mama aliyepewa pesa za sokoni za wiki nzima: akizimaliza kwa nyama siku ya Jumatatu, kufikia Alhamisi watoto watakula ugali kwa chumvi.

Utaratibu huo ulipatikana kwa gharama kubwa. Mwaka 2004 wamiliki wa timu waliwafungia milango wachezaji, na Februari 16, 2005 kamishna wa ligi, Gary Bettman, akatangaza kuwa msimu mzima umefutwa. Kombe la Stanley halikupata mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1919, ambapo fainali ilikatizwa na homa kali iliyoua watu duniani kote. Wachezaji walisalimu amri. Walikubali mishahara yao ikatwe kwa asilimia 24, na kila timu ikawekewa kikomo cha dola milioni 39 za Marekani kwa msimu wa 2005-06. Dola zote nitakazotaja hapa ni za Marekani, kwani ndizo NHL hulipia wachezaji wake.

Sasa nawaomba wale wa wimbo wa kikomo wanijibu swali moja. Maple Leafs walishinda kombe mara ya mwisho Mei 1967, wakati ligi ilikuwa na timu sita tu. Kutoka mwaka huo hadi 2004 ni miaka 37, na katika miaka yote hiyo hapakuwa na kikomo chochote. Timu ilikuwa tajiri, uwanja ulikuwa ukijaa, wachezaji wa bei walinunuliwa. Kombe lilikuwa wapi? Hata fainali hawakufika. Walifika nusu fainali mara kadhaa, ya mwisho ikiwa mwaka 2002, basi.

Hivyo kikomo hakikutunyang'anya kitu tulichokuwa nacho. Kilichofanya ni kuanika hadharani kasoro iliyokuwa ikifunikwa na pesa, nayo ni kwamba wakuu wetu hawajui thamani ya mchezaji.

Nianzie pale ambapo mambo yalikuwa mazuri, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma zaidi. Kati ya mwaka 2014 na 2016 Toronto walipata, kupitia uteuzi wa chipukizi wa kila mwaka, vijana watatu ambao timu yoyote ingewaonea wivu. William Nylander alichaguliwa wa nane mwaka 2014, Mitch Marner wa nne mwaka 2015, na Auston Matthews wa kwanza kabisa mwaka 2016. Chipukizi hufungwa na kandarasi ya kwanza ambayo haizidi miaka mitatu na ambayo malipo yake yamewekewa mpaka. Yaani kwa miaka mitatu una mchezaji wa daraja la juu kwa bei ya mchezaji wa benchi. Timu yenye akili huitumia miaka hiyo kujenga ukuta wa nyuma na kumtafuta kipa, huku ikiwashawishi vijana wenyewe watie sahihi mapema kwa muda mrefu.

Toronto walifanya nini? Julai 1, 2018 walimsajili John Tavares kwa dola milioni 77 za miaka saba, yaani milioni 11 kila mwaka, ambazo kwa pesa zetu ni takriban Sh1.4 bilioni. Sina ugomvi na Tavares. Ni mtoto wa huku huku, mchezaji mwadilifu, na alikuja kwa hiari yake wakati timu kadhaa zilikuwa zikimtaka. Lakini wakati kalamu ilipokuwa ikigusa karatasi, vijana wote watatu walikuwa bado kulipwa. Sasa niambieni, baada ya kumpa mgeni milioni 11, utamwambiaje mtoto wa nyumbani akubali saba?

Hakuna aliyekubali, na mimi ningekuwa wao nisingekubali. Nylander alikaa nje hadi Desemba 1, 2018, siku ya mwisho kabisa iliyoruhusiwa, ndipo akatia sahihi miaka sita kwa dola milioni 45. Februari 2019 Matthews alipewa milioni 58.17 kwa miaka mitano. Septemba 2019 ikawa zamu ya Marner, zaidi ya milioni 65 kwa miaka sita. Angalieni pia hiyo miaka. Ligi ilikuwa ikiruhusu mkataba wa hadi miaka minane na mchezaji wa timu yako, lakini Matthews akatia sahihi mitano tu. Kwa kawaida timu hulipa ghali ili ipate muda mrefu, au hupata nafuu ya bei ikikubali muda mfupi. Sisi tulilipa ghali na bado tukapewa muda mfupi. Mkataba ulipobakiza mwaka mmoja, mwenyewe alirudi mezani na kupata milioni 13.25 kwa mwaka.

Tena sehemu kubwa ya pesa hizo zililipwa kama bonasi za kutia sahihi, donge ambalo mchezaji hulipwa kila Julai Mosi hata kabla hajavaa viatu vya barafuni. Timu maskini haiwezi kufanya hivyo, Toronto wanaweza. Hiyo ni turufu ya tajiri ndani ya mfumo uliokusudiwa kuwasawazisha wote, na mchezaji huithamini sana. Kila mwenye turufu huitumia kupata punguzo. Hawa wetu waliitoa turufu, na punguzo hawakuliomba.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Msimu wa 2019-20 kikomo kilikuwa dola milioni 81.5. Wanne hao, Matthews, Tavares, Marner na Nylander, walimeza takriban milioni 40.5, karibu nusu ya pesa zote. Timu huwa na wachezaji wasiozidi 23. Kwa hivyo watu 19 waliobaki, wakiwemo makipa wote na mabeki wote, waligawana milioni 41 hivi. Na wote wanne waliochukua nusu hiyo ni washambulizi! Hakuna beki hata mmoja, hakuna kipa. Nani angejenga timu ya soka kwa kuwapa Salah na wenzake watatu wa mbele nusu ya mishahara yote, kisha akatafuta mabeki wa bei ya jioni?

Hapo ndipo uuzaji wa vyombo vya nyumba ulipoanza.

Juni 2019 Patrick Marleau, mkongwe aliyesajiliwa mwaka 2017 kwa milioni 6.25 kila mwaka, alikuwa amebakiza msimu mmoja. Ili kumwondoa kwenye vitabu, Toronto waliwabembeleza Carolina Hurricanes wamchukue, na kama kiinua mgongo wakawaongezea nafasi yao ya kuteua chipukizi katika raundi ya kwanza ya mwaka 2020. Carolina walivunja mkataba wa mzee huyo na kubaki na nafasi. Kwa nafasi hiyo wakamteua Seth Jarvis, ambaye mwaka 2025 alikuwa kwenye timu ya taifa ya Kanada. Yaani tulimlipa jirani kwa kijana wetu ili atubebee kosa letu.

(Carolina hao hao ndio waliotuaibisha Februari 22, 2020 hapa Toronto. Makipa wao wawili waliumia, wakalazimika kumweka langoni David Ayres, mwanamume wa miaka 42 ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kusawazisha barafu, na ambaye alikuwa amewekewa figo ya mamake. Timu yenye washambulizi wa milioni 40 ilimfunga mabao mawili tu, na Carolina wakashinda 6-3. Siongezi neno.)

Siku kumi hivi baada ya Marleau ikawa zamu ya Nazem Kadri. Huyu alikuwa akilipwa milioni 4.5 tu kwa mwaka, kwa mkataba uliokuwa na miaka mitatu zaidi. Kiungo mkali, asiyeogopa mtu. Kweli, ukali wenyewe ulikuwa umemponza: mwaka 2018 na tena 2019 alifungiwa mechi katikati ya mwondoano dhidi ya Boston Bruins, na timu ikaumia. Hasira za wakuu nazielewa. Lakini Julai 1, 2019 walimpeleka Colorado Avalanche, nao wakapokea beki Tyson Barrie aliyebakiza mwaka mmoja, pamoja na Alexander Kerfoot. Barrie aliondoka 2020. Kerfoot aliondoka 2023. Kadri msimu wa 2021-22 alipata pointi 87, akafanyiwa upasuaji wa kidole gumba katikati ya mwondoano, akarudi kwenye fainali na kufunga bao la ushindi katika muda wa ziada wa mechi ya nne. Colorado wakatwaa kombe.

Agosti mwaka huo aliliingiza kombe hilo katika msikiti wa mji alikozaliwa, London ya hapa Ontario, akiwa Mwislamu wa kwanza kulishinda. Watoto walijipanga kuligusa. Mashabiki wa Toronto, Waislamu na wasio Waislamu, tuliziangalia picha hizo kwa furaha iliyochanganyika na uchungu wa kujua kwamba mtu huyo alikuwa wetu kwa milioni 4.5.

Zach Hyman naye? Mzaliwa wa Toronto, mchapa kazi wa kuingia kwenye pembe na kuibuka na kisahani huku akining'inizwa na mabeki wawili. Mwaka 2021 Edmonton Oilers walimpa milioni 5.5 kwa mwaka kwa miaka saba. Sisi hatukuwa nazo, au tuseme tulikuwa tumezimaliza Jumatatu kwa nyama. Msimu wa 2023-24 alifunga mabao 54, kisha akaongeza 16 kwenye mwondoano, na Edmonton wakafika fainali. Mwaka uliofuata Edmonton walifika fainali tena.

Ningeweza kuendelea. Kipa Petr Mrazek alisajiliwa mwaka 2021 kwa miaka mitatu, na baada ya mwaka mmoja ikabidi tuwalipe Chicago Blackhawks wamchukue, kwa kushuka kutoka nafasi ya 25 hadi ya 38 katika uteuzi wa chipukizi. Nick Foligno alinunuliwa Aprili 2021 kwa nafasi ya raundi ya kwanza, na Julai akawa amekwenda Boston. Machi 2025 nafasi mbili za raundi ya kwanza za miaka ya mbele, pamoja na vijana wawili, ziliuzwa ili kuwaleta Brandon Carlo na Scott Laughton. Wiki kumi baadaye ndipo tulipochapwa zile 6-1.

Wapo watakaosema nimesahau korona. Sijasahau. Janga hilo lilipofunga viwanja mwaka 2020, mapato yalianguka na kikomo kikakwama kwenye milioni 81.5 kwa misimu mitatu, kisha kikawa kinaongezwa milioni moja moja hadi 2023-24. Wakuu wetu walikuwa wamepiga bahati nasibu kwamba kikomo kingekuwa kikipanda kila mwaka, na mishahara ile minne ingeonekana midogo kadiri muda ulivyopita. Sawa, hakuna aliyeitabiri korona. Lakini timu zote 31 za wakati huo zilipigwa na mvua moja. Tampa Bay Lightning walishinda kombe 2020 na 2021 ndani ya mvua hiyo, na Colorado 2022. Aliyelowa zaidi ni yule aliyekuwa ameezua paa lake mwenyewe.

Nilisema nitarudi kwa MacKinnon. Mwaka 2016 Colorado walimfunga kwa miaka saba kwa milioni 6.3 kila mwaka. Alipokuwa akinyanyua kombe mwaka 2022, mmoja wa wachezaji bora duniani alikuwa akilipwa pungufu ya Nylander. Boston, ambao wametutesa kiasi cha kutufanya tuogope rangi ya manjano, walikuwa na Patrice Bergeron kwa milioni 6.875, Brad Marchand kwa 6.125 na David Pastrnak kwa 6.67. Wote watatu kwa pamoja hawakufika milioni 20! Na ndio waliotutoa katika mechi za saba za 2018 na 2019. Marchand alituondoa tena na Boston mwaka 2024, kisha akahamia Florida na kutuondoa mwaka 2025.

Kuna hoja ya kodi, na hiyo naipa heshima yake. Florida haitozi kodi ya mapato ya jimbo, ilhali tajiri wa Ontario hukatwa zaidi ya nusu ya kila dola ya juu anayochuma. Mchezaji wa Tampa anaweza kukubali kidogo na bado akaenda nyumbani na kingi. Kuna haki hapo, na ligi ingefaa kulitazama jambo hilo. Hata hivyo Colorado kuna kodi ya jimbo, na Boston ipo pia.

Ipo vilevile hoja ya ujanja. Kanuni ziliruhusu timu kupita kikomo kwa kiasi cha mshahara wa mchezaji aliye na jeraha la muda mrefu, na kwenye mwondoano kikomo hakikuhesabiwa kabisa. Nikita Kucherov wa Tampa, mshahara milioni 9.5, alikosa msimu wote wa kawaida wa 2020-21 akiuguza nyonga, kisha akapona barabara siku ya kwanza ya mwondoano. Baada ya kushinda kombe alivaa fulana iliyotangaza kwamba timu yao imezidi kikomo kwa milioni 18. Watu walikasirika, na makubaliano mapya ya ligi na wachezaji ya mwaka 2025 yakaweka kikomo hata kwa timu inayoshuka kucheza mwondoano.

Lakini Toronto wasijifanye malaika hapa. Waliutumia mlango huo huo. Mwaka 2013 walimpa David Clarkson milioni 36.75 kwa miaka saba, mkataba ulioonekana mbaya kabla ya Krismasi ya kwanza. Mwaka 2015 wakampeleka Columbus na kumchukua Nathan Horton, mgonjwa wa mgongo ambaye hakucheza tena. Julai 2019, amini usiamini, mkataba wa Clarkson ukarudishwa Toronto kutoka Vegas, mwenyewe akiwa haonekani barafuni tangu 2016, kwa kuwa mshahara wa majeruhi ulifaa katika hesabu za kuwabana Marner na wenzake ndani ya vitabu. Ujanja huo ulitumiwa kikamilifu. Tofauti ni kwamba Tampa waliutumia wakashinda, sisi tuliutumia ili tupate pumzi ya kupoteza raundi ya kwanza.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Tulitoka kwa Columbus mwaka 2020. Mwaka 2021 tulitoka kwa Montreal baada ya kuongoza mechi tatu kwa moja. Kisha Tampa 2022. Mwaka 2023 tulivuka raundi moja, ya kwanza tangu 2004, na watu wakajaa barabarani kana kwamba tumechukua kombe. Raundi ya pili Florida wakatumaliza kwa mechi tano. Boston 2024. Florida tena 2025. Makocha walifutwa, Mike Babcock 2019 na Sheldon Keefe 2024. Meneja mkuu Kyle Dubas alitimuliwa 2023, na rais wa klabu Brendan Shanahan akaondoka 2025. Wale wanne walibaki vilevile miaka yote hiyo.

Mwishowe aliyegeuzwa mbuzi wa kafara ni Marner. Alizomewa, akatukanwa, na katikati ya 2025 akaenda Vegas Golden Knights kwa milioni 12 kwa mwaka kwa miaka minane. Mchezaji wa pointi 102 aliondoka, tukapokea Nicolas Roy. Na hapo pia wa kulaumiwa si kijana. Mkataba wake ulikuwa na kipengele cha kukataa kuhamishwa kilichoanza kufanya kazi Julai 1, 2023. Kabla ya siku hiyo klabu ingeweza kumuuza popote kwa mali nyingi. Wakati huo ndipo walipokuwa wakifukuzana ofisini, meneja akitoka Mei na mwingine akiingia siku ya mwisho ya mwezi huo huo, na tarehe ikapita. Mwaka 2025 walipotaka kumhamisha, jibu lake lilikuwa hapana, na alikuwa na karatasi ya kumlinda. Nani aliiandika karatasi hiyo?

Linaloniudhi kuliko yote ni kwamba hakuna aliyeumia mfukoni. Uwanja hujaa kila mechi. Bei ya tiketi mbili za mwondoano ingetosha karo ya muhula wa mtoto katika shule ya bweni kule nyumbani, na bado hazikai sokoni. Mwaka 2025 kampuni ya Rogers ilinunua asilimia 37.5 ya kampuni inayomiliki Maple Leafs na timu nyingine za jiji hili kwa dola bilioni 4.7 za Kanada. Hakuna anayelipa kiasi hicho kwa biashara inayokufa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi mashabiki wa Toronto tumekunywa maji kwa zaidi ya nusu karne tukirudisha kibuyu kiongezwe.

Nalisema hili kwa sababu wakati mbaya zaidi unaweza kuwa mbele. Ligi ilitangaza Januari 2025 kwamba kikomo kingepanda hadi milioni 95.5 msimu wa 2025-26, milioni 104 msimu wa 2026-27, na milioni 113.5 msimu wa 2027-28. Pesa zinarudi mezani. Mkataba wa Matthews unaisha mwaka 2028, na ule wa Nylander wa milioni 11.5 kwa mwaka unaendelea hadi 2032. Nylander, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akitukanwa kuwa mvivu, alikuwa wa bei nafuu kuliko wenzake watatu na ndiye aliyefungwa kwa muda mrefu zaidi. Tavares naye, mwaka 2025, alikubali kushuka kutoka milioni 11 hadi 4.38 ili abaki nyumbani. Ukitaka kujua kama wachezaji hupunguza bei wakiombwa, yuko hapo.

Kwa hiyo yeyote atakayeketi kwenye kiti cha meneja mkuu wa klabu hii, namtaka mambo machache tu. Asimpe mtu senti ya juu kwa miaka michache. Asitoe tena nafasi ya raundi ya kwanza ili kumsukumia jirani mkataba alioutia sahihi mwenyewe. Alipe beki na kipa kabla ya kumlipa mshambulizi wa nne. Na Matthews atakapokaa mezani, aelezwe mapema, kabla ya vipengele vya kukataa kuhama kuandikwa, ni kiasi gani kipo na nani mwingine anakula kwenye sufuria hiyo. Akikataa, auzwe wakati bado ana bei.

Nasi tulioko kwenye viti tuache kumrushia Marner maneno atakapokuja hapa na jezi ya Vegas. Makelele yaelekezwe juu, kwenye vyumba vya vioo wanakokaa waliotia sahihi.